Mtungi Wenye Kamba

Tak Pil-su alikuwa Mkristo wa mkokoteni. Ndivyo tulivyomwita kijijini kwetu Songha, na mwenyewe hakukasirika. Miaka yote aliyoishi na mkewe Ok-bun, alifika kanisani kwa sababu moja tu: mkewe alikuwa na mizigo. Alisukuma mkokoteni wa kabeji, wa chumvi, wa masufuria, akauegesha chini ya kengele, kisha akaketi kiti cha nyuma kabisa na kusinzia mpaka baraka. Mchungaji akisema "Amina", yeye hushtuka na kuuliza, "Tunakwenda?"

Ok-bun, kinyume chake, alikuwa nusu ya kanisa. Sisi husema mkono wa mtu una ladha yake, na mkono wa Ok-bun ulikuwa na ladha ambayo watu wa mjini waliifuata kwa mabasi mawili. Kila mwisho wa Novemba, kina mama walipokusanyika uani pa kanisa kutia kabeji chumvi na pilipili, ndiye aliyeonja, ndiye aliyegomba, ndiye aliyesema "bado". Na kila mama, akirudi kwake, alijaza mtungi mmoja wa Bwana. Mtungi huo ulifukiwa nyuma ya nyumba hadi shingoni, ukazungushwa kamba ya majani ya mpunga mara tatu, na ukishafungwa hivyo basi umekwisha kutoka mikononi mwako. Hulala ardhini karibu mwaka mzima. Mwaka unaofuata, wiki ile ya shukrani ya mavuno, kila nyumba imemaliza kimchi yake, yaani kabeji hizo zilizochachuka, na kabeji mpya hazijaiva. Ndipo mitungi ya Bwana inapofukuliwa na kuuzwa. Kengele yetu ilinunuliwa kwa kabeji. Viti vyetu ni kabeji. Watoto watatu wa kijiji hiki wamesoma hadi chuo kwa kabeji.

Pil-su hakuupenda mpango huo hata kidogo.

"Mungu wako ana meno mangapi," alikuwa akimuuliza mkewe, "hata amalize mtungi mzima peke yake?"

"Anayo mengi kuliko wewe," Ok-bun humjibu. "Na hasagi meno usiku."

Walipokuwa wameoana karibuni, Pil-su aliwahi kuifungua kamba ya mtungi wa Bwana akajichotea bakuli. Ok-bun hakupiga kelele. Jumapili iliyofuata alimsimamisha mbele ya kanisa zima akiwa ameshika bakuli lile tupu, akamwambia awaeleze watu lilikuwa na nini. Tangu siku hiyo mitungi yenye kamba Pil-su aliipitia mbali, kama mbwa aliyewahi kumwagiwa maji ya moto. Ungeweza kuficha dhahabu chini ya kamba ile, asingeigusa.

Alichopenda yeye ni galchi, samaki mwembamba mrefu kama mkanda, akiwekwa vipande chini kabisa ya mtungi wa kabeji mpaka aive na mifupa yake ilainike. Huchukua miezi mingi, na harufu yake huwapasua pua watu wa mjini. Kwa hiyo Ok-bun alikuwa na sheria: mtungi wa Bwana haujui samaki huyo. Galchi ni wa mtungi wa nyumbani, na nyumbani palikuwa na mlaji mmoja tu.

Novemba ile ya mwisho alimtuma Pil-su sokoni amletee galchi watatu wanono. Akawaleta. Siku zikapita, mezani hawaonekani, na mtungi wa nyumbani ulipofungwa haukunuka samaki.

"Galchi wangu wako wapi?" akauliza.

"Paka wa Maeng kawabeba," alisema Ok-bun bila kuinua macho.

Basi Pil-su akachukua jiwe akamtupia paka wa jirani. Mama Shemasi Maeng, mwenye paka, ambaye alikuwa rafiki wa Ok-bun tangu wote wawili wakiwa wasichana, alitoka na mwiko mkononi.

"Shemeji, mpige mkeo jiwe, usimpige mwanangu!"

"Mwanao ni mwizi!"

"Afadhali mwizi kuliko bahili!"

Wakanuniana mwezi mzima. Ok-bun akacheka mpaka akashika tumbo, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Alikuwa akilishika tumbo mara kwa mara siku hizo. "Ni gesi," alisema. "Ni uzee."

Februari akafa. Alilala hospitalini wiki moja tu. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umekaa siku nyingi ndani, lakini Pil-su hakutaka kusikia habari za siku nyingi. Alichokishika ni kimoja, na alikirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Angalau hakujua. Kifo kilimjia ghafla, kama mwizi. Hakuogopa hata siku moja." Mtu akifiwa hutafuta kijiti cha kushikilia, na hicho ndicho kilikuwa kijiti cha Pil-su. Hatukuwa na sababu ya kumnyang'anya.

Nyuma ya nyumba palibaki mitungi miwili. Ule usio na kamba aliula kwa ubahili wa kutisha, jani moja kwa bakuli la wali, akilimumunya hadi liishe ladha. Binti yake aliyeko Busan alimtumia kimchi ya kiwandani ndani ya mfuko. Akaiweka kwenye jokofu na kuisahau. Mwezi wa nane mtungi ule ukamalizika. Alipangusa ndani yake kwa wali, akala, akalia huku anatafuna. Kulia na kutafuna pamoja ni kazi ngumu kwa mzee, na alipaliwa vibaya.

Ukabaki wenye kamba. Kila asubuhi alikwenda kuutazama. Alifagia majani kwenye kifuniko, akauambia hali ya hewa. Hakuufungua. Lakini moyoni alikuwa ameamua: hautoki. Mkono wa Ok-bun ulikuwa umebaki humo tu duniani, na yeye hakuwa tayari kuuona ukipimwa kwenye mizani.

Mwezi wa tisa kimbunga kikang'oa nusu ya paa la kanisa. Mvua ikanyesha juu ya viti vyetu vya kabeji. Mchungaji Seo, kijana aliyetujia mwaka ule, alihubiri chini ya turubai, na kina mama wakasema mauzo ya mavuno mwaka huu yataezeka paa au tutasali na miavuli.

Wiki ya shukrani ilipofika Mama Maeng akaja na mkokoteni na wenzake wawili.

"Shemeji, tumefuata mtungi wa Ok-bun. Watu wa mjini wanapiga simu kila siku. Wanauliza wake tu, sisi wengine ni kama tumechachisha viatu."

"Umeharibika," alisema Pil-su.

"Umeharibika vipi na hujaufungua? Kamba naiona ile pale."

"Nimesema umeharibika!" Alikuwa ameshika ufagio, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Amewapa miaka yote! Magoti yake amewapa, mgongo wake amewapa, mchana wake wote amewapa. Mimi nilikula makombo. Mmemla mzima, sasa mnataka na mifupa?"

Wale wenzake wawili wakarudi nyuma. Mama Maeng alibaki amesimama. Mwisho akasema polepole, "Basi shemeji. Baki nao. Paa ni mbao tu," akageuza mkokoteni.

Walipoondoka Pil-su alijiona ameshinda. Akaingia ndani, akachukua kisu na bakuli, akaenda nyuma. Alipiga goti. Aliweka kisu juu ya kamba. Mizunguko mitatu, na ncha imechomekwa chini kwa namna ya Ok-bun, ambaye hakupenda mafundo. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuliogopa kanisa, wala hakumwogopa Mungu, ambaye hawakuwa wamezoeana sana. Tatizo lilikuwa kwamba neno lile halikuwa lake. Mkewe alikuwa amemwahidi mwingine, akafunga kwa mkono wake, akafa. Nani angemtimizia, kama si mtu aliyemsukumia mkokoteni?

Siku ya mauzo tulimwona anakuja barabarani, mtungi mgongoni kwenye kibebeo cha mbao, udongo bado umeshika pembeni. Watu wakampisha. Aliutua chini ya kengele, akauambia ule mtungi, si sisi, "Haya. Nimekuleta."

Mama Maeng alifungua kamba kwa adabu, akaiviringa na kuiweka mfukoni. Kifuniko kilipoinuliwa, harufu ilitoka, chungu na tamu, kali kuliko ya miaka yote, na watu waliokuwa wakizozana bei wakageuza shingo. Halafu wakasukumana. Mama Maeng alivaa glavu, akatoa kabeji moja moja, na kina mama wakafunga kwenye mifuko. Mwalimu mmoja wa mjini alichukua mitatu. Bibi mmoja alinusa mfuko wake akatokwa na machozi, akasema ni ladha ya harusi yake. Pil-su alisimama kando, mikono nyuma, akiisindikiza kwa macho kila kabeji hadi mlangoni pa basi. Kila iliyopita aliinamisha kichwa kidogo. Roho ilimuuma, lakini alijikaza. Alijiambia kwamba amefanya alichotaka Ok-bun.

Mabasi yakaondoka. Mama Maeng aliingiza mkono hadi kwapani kufuata za mwisho, akasita.

"Hii nini tena?"

Akatoa kitu, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kipande cha samaki, kimeiva hadi kimekuwa laini kama jibini, na ngozi yake bado ina mng'ao wa fedha. Akaingiza mkono tena. Kingine. Na kingine. Chini ya mtungi palikuwa pamejaa galchi, wamepangwa kwa duara, na katikati yao kabeji nne ndogo zilizokatwa vipande vifupi, kama anavyokatiwa mtu asiye na magego.

Mama Maeng alimtazama Pil-su.

"Shemeji," alisema. "Paka wangu hakuiba."

Pil-su hakuelewa mara moja. Alichungulia ndani ya mtungi.

"Huu si wa Bwana," alisema Mama Maeng. "Hawezi kumtilia Bwana galchi, alishawahi kunigombeza mimi kwa kipande kimoja tu. Huu ni wako! Ulikuwa wako kuanzia juu mpaka chini! Aliufunga kamba kwa sababu anakujua. Bila kamba ungeumaliza wote kabla ya mvua, halafu ungekula nini? Safari hii hakumjazia Bwana; nadhani alitaka kutuambia, ile wiki ya hospitali ikamuwahi. Alikuwekea wewe akiba ya mwaka huu. Mwaka ambao..."

Hakumalizia. Pil-su alimalizia mwenyewe, tukaona usoni mwake jambo hilo lilivyomfika. Mwaka ambao yeye hatakuwepo. Novemba, akiwa ameketi juu ya mtungi, anacheka na kushika tumbo, Ok-bun alijua. Alijua alipomtuma sokoni. Alijua alipokata kabeji vipande vifupi. Alikuwa amelala kando yake kila usiku na woga wake, akamwambia ni gesi, naye akaamini na kwenda kupiga paka mawe.

"Alijua," alisema Pil-su. "Aliogopa peke yake."

Akaketi chini, pale pale kwenye tope la kabeji, akalia kwa sauti kama mtoto. Mama Maeng alipiga magoti kando yake wakalia wote. Kisha akainuka ghafla, akaanza kuvua glavu. "Mabasi hayajafika mbali. Mchungaji ana gari. Nitapigana nao mmoja mmoja, haki ya Mungu nitazirudisha hata kwa meno!"

"Waache," alisema Pil-su. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. "Waache wale. Watamjua alivyokuwa."

"Basi zilizobaki hizi chukua, shemeji. Kale leo. Kale na wali wa moto, kama alivyotaka."

Pil-su alifuta uso kwa kiganja. Alichukua vile vipande vya samaki alivyotoa Mama Maeng, akavirudisha kimoja kimoja chini ya mtungi, akafunika.

"Kamba iko wapi?"

"Ninayo hapa. Ya nini tena?"

"Funga."

"Lakini ni chakula chako mwenyewe..."

"Funga, shemeji. Mizunguko mitatu. Usipofungwa nitaumaliza."

Akafunga. Hakuweza kuchomeka ncha kama Ok-bun, ikabidi apige fundo.

Paa liliezekwa kabla ya theluji. Jumapili Pil-su bado hukaa kiti cha nyuma, lakini siku hizi hasinzii. Na jioni, akiketi nyuma ya nyumba na kimchi yake ya kiwandani na kipande cha galchi wa kuchoma, paka wa Mama Maeng hushuka ukutani kwa uangalifu, maana bado anakumbuka jiwe. Pil-su humkatia nusu iliyo nono, huiweka karibu na mtungi ule, akasogea kando ili asimtishe.

"Kula, mzee wangu," humwambia. "Ulisingiziwa."