Mume Wangu Anasema Mwezi Ndio Unamharibu Mwanetu

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi pokea salamu. Jina langu usiliweke, maana huku kwetu tunajuana mpaka sufuria.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naanika na kuuza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mume wangu ni mvuvi. Kwa msiojua maisha yetu, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na lazima kuwe na giza kweli. Wakati wa giza baba watoto analala kambini, mbali kidogo na hapa. Mbalamwezi ikianza, dagaa hawaifuati taa, basi anarudi nyumbani kupumzika na kushona nyavu. Ndoa yetu yote imeenda hivyo.

Tatizo ni binti yetu wa miaka minane. Nitamuita Zai, si jina lake. Zai hakai. Ukimtuma chumvi anarudi na kitu kingine, au harudi kabisa. Shuleni anaacha dawati katikati ya somo, anajibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, na penseli nilishachoka kununua. Ana akili, jamani, anajua kuhesabu kuliko mimi, lakini daftari lake halina hata kazi moja iliyofika mwisho. Ameitwa mtundu, ameitwa mkorofi, na fimbo amekula. Mimi mwenyewe niliambiwa sijui kulea, na hilo liliniuma sana.

Mbalamwezi ndiyo inakuwa balaa. Mara ya mwisho baba yake alikuwa ametandaza nyavu uani, Zai akapita mbio, akajinasa, akaanguka juu ya taa ya kazi ikavunjika. Kabla hatujamaliza kumfungua kwenye nyavu, alishaanza kucheka na kuuliza habari ya kitu kingine. Mama mkwe, ambaye anakaa Ujiji na siku hiyo alikuwa kwangu, akashika kichwa. "Mwana wanje," yaani mwanangu, akamwambia mume wangu, "huyu mtoto mwezi unamshika. Hamuoni kila ukiwa mkubwa anachachamaa?" Mume wangu akakubali hapo hapo, kwa sababu yeye ndivyo anavyomuona. Wakati wa giza hayupo.

Aliporudi kambini, nikampeleka Zai hospitali bila kumwambia mtu. Daktari wa watoto, dada mmoja mpole, alimpima masikio, akaniuliza kama huwa anapoteza fahamu, akataka na maelezo ya mwalimu wake. Tuliporudi na maelezo hayo akaniambia mtoto ana ADHD, yaani ubongo wake unapata shida kutulia, kujizuia na kushika jambo moja. "Si pepo, mama, si ukaidi, na si malezi yako," akasema. Nililia pale pale mbele yake.

Halafu akaniuliza, "Siku zake mbaya zaidi huwa lini?" Nikaona aibu, lakini nikasema, mbalamwezi. Hakucheka. Akauliza, "Mbalamwezi nyumbani kwenu kunakuwaje?"

Nikaanza kueleza. Wakati wa giza siku zetu zinafanana: anaamka, ananawa, uji, shule, akirudi anakimbiza kunguru kwenye vichanja na kunisaidia kugeuza dagaa. Anakimbia mpaka anachoka, na hakuna anayemgombeza kwa kukimbia. Mbalamwezi hakuna dagaa. Baba yupo, wageni wanajaa, redio inalia, tunakula saa yoyote, mtoto analala amechelewa, na kutwa anaambiwa "tulia, baba amepumzika." Hata sijamaliza, nilishaelewa mwenyewe. Daktari akasema tatizo lipo siku zote, ila ratiba ikivurugika linazidi. Akanifundisha kumpa agizo moja kwa wakati mmoja, kumsifu anapomaliza, na kulinda muda wake wa kulala. Mwalimu naye kamhamishia mbele, na kumfutia ubao ni kazi ya Zai sasa. Tukarudi kliniki, daktari akasema ikibidi tutazungumzia na dawa. Mabadiliko nayaona, madogo lakini nayaona.

Nikampigia mume wangu simu nikamweleza yote. Akasema, "Mama Zai, hospitali wanajua malaria. Hili la mwezi watalijulia wapi?" Ameshakubaliana na mganga mmoja wa kijiji cha mwambaoni. Mbalamwezi hii akirudi atamchukua Zai kwa boti, akachanjwe chale, afukizwe, abaki huko mpaka mganga aridhike. Shule itasubiri, kliniki itasubiri. Nikimbishia anasema nataka mtoto wake aharibikiwe. Na si mtu mbaya, niwaambie ukweli. Anampenda Zai kuliko macho yake, ndiyo maana anaogopa hivi.

Ninaloogopa mimi limeshaanza. Juzi nimekuta Zai amepanda kwenye ndoo, anafunga kanga yangu dirishani. Namuuliza unafanya nini, anasema, "Nauzuia mwezi usinione, mama. Ukiniona nakuwa mbaya."

Nikamshusha kwenye ndoo nikamkumbatia, na yeye alivyo, akachomoka kabla sijamaliza.

Ndugu zangu, nishikeni mkono kwa ushauri. Nimwambieje baba mwenye hofu mpaka anielewe, bila kuvunja nyumba? Nimfuate mama mkwe kwanza? Au nimtoroshe mtoto kwa dada yangu kabla boti haijafika? Msinitukanie mume, nisaidieni tu nifanye nini, na muda ndio sina. Jana magharibi natoa nguo kwenye kamba nikauona mwezi mwembamba juu ya ziwa. Zai alikuwa ndani, akaniuliza kwa sauti, "Mama, mwezi umetoka?"

Nikamwambia bado.