Mshambuliaji wa Troyeville ambaye mabao yake yote ni ya mdogo wake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Troyeville, Johannesburg. Baridi ya Juni imeyafanya majani ya uwanja kuwa meupe, na wanaume ishirini hivi wanauzunguka mbio kabla ya kwenda makazini. Wamo vinyozi, mafundi cherehani na walinzi waliotoka lindo moja kwa moja. Katikati amesimama mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu, filimbi mdomoni.

"Coach Ahmad, magoti yamegoma!" analalamika mmoja.

"Yaambie mgomo unaanza saa mbili. Sasa hivi kazi!" anajibu kocha.

Muda si mrefu mwanamke mwenye chupa ya chai anasimama getini. "Burhani! Burhani we!" Hakuna anayeitika. Anaita mara ya tatu, ndipo yule yule aliyekuwa Ahmad anageuka: "Naam, mama Yasmin."

Mwandishi wa makala haya alikuwa amepanda basi la mwendokasi kutoka Braamfontein kumfuata mshambuliaji wa zamani aitwaye Burhani Mbaruku. Alisimama pale na mkono wake hewani, asijue ampe nani.

Mtu ni mmoja. Ana miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa Makorora, Tanga. Amecheza soka la kulipwa miaka kumi na saba katika nchi sita: Tanzania, Kongo, Zambia, Oman, Msumbiji na hapa Afrika Kusini. Kwa kumbukumbu yake amefunga mabao mia moja arobaini na mawili. Lakini pekua kumbukumbu za soka za nchi zote hizo, Burhani humkuti hata benchi.

Aliyemo ni Ahmad Mbaruku. Huyo ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi seremala, yuko Makorora mpaka leo na hajawahi kuvaa viatu vya mpira.

"Mdogo wangu ana mabao mia na arobaini na mawili," anasema Burhani akicheka, kisha anaacha kucheka. "Wallahi danadana tatu hawezi."

Mwandishi alimwomba aanze upya, polepole. Akaanza. Ilibidi aanze tena mara ya tatu, safari hii akichora kwenye daftari la mwandishi, huku jina moja na huku jina lingine.

Mwaka 2004 Burhani alikuwa na miaka ishirini na mmoja, anachezea timu ya mtaa. Yakatangazwa majaribio ya kikosi cha vijana wa chini ya miaka kumi na minane. Kiongozi wa timu, ambaye sasa ni marehemu, alimtazama juu mpaka chini akasema mwili unapita, tatizo karatasi. Kisha akauliza: "Kwani nyumbani kwenu hakuna mwenye miaka kumi na saba?"

Alikuwepo. Alikuwa karakana anapiga randa.

"Nilichukua cheti chake cha kuzaliwa Jumatatu," anasimulia Burhani. "Moyoni nikasema Ijumaa nakirudisha. Kilirudi baada ya miaka kumi na minane."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Burhani ilikuwa ndefu, ilifika Muscat. Cheti kilizaa kadi ya mchezaji, kadi ikazaa pasipoti, na pasipoti ikazaa mkataba wa Lubumbashi. Baada ya hapo kila timu ilimpokea Ahmad, ikamlipa Ahmad, ikamuuza Ahmad. Alikuwa mshambuliaji wa kati, mguu wa kulia, kichwa kizuri kwenye kona. Alicheka na nyavu kila alikokwenda, na kila alikokwenda majukwaa yaliimba jina la mtu aliyeko Tanga akipigilia misumari.

Kwa nini hakusema?

"Kila nilipotaka kusema, nilikuwa na mechi Jumapili," anasema. "Kule Maputo daktari wa timu alinishika goti, akatazama karatasi, akatazama goti tena. Akaniambia, ndugu yangu, hili goti limezaliwa kabla yako."

Mkewe, Samira, yule mama Yasmin wa chupa ya chai, ni mshonaji kutoka Unguja. Alikutana naye hapa Johannesburg siku ya Idi, na kwenye ndoa aliandikwa Burhani kwa sababu shehe aliyewafungisha anamjua baba mtu. Wiki mbili baada ya harusi akaenda uwanjani kwa mara ya kwanza.

"Watu wote wanaimba Ahmad, Ahmad, na mume wangu anapunga mkono!" anasema Samira akijipiga paja. "Nikamuuliza dada aliyekaa kando yangu, samahani, Ahmad ndiye yupi? Akanionyesha wangu. Jamani! Nilirudi nyumbani nikamkalisha chini, nikamwambia leo hapa halali mtu mpaka nijue nimeolewa na nani."

Yeye akajua. Wengine hawakujua, hata Pitchou, kipa wa zamani kutoka Lubumbashi ambaye sasa ni kocha msaidizi wa timu hii.

"Eish, papa, miye nilicheza na yeye miaka mbili," anasema Pitchou. "Nilijua iko Ahmad. Sasa anasema haiko Ahmad. Basi ule niliyekula naye ugali Lubumbashi iko nani?" Anamtazama mwandishi kana kwamba jibu liko kwenye daftari. Halimo.

Mambo yalifumuka mwaka 2022, Burhani akiwa amestaafu mwaka mmoja tu. Ahmad wa kweli alikwenda kuomba pasipoti ili ampeleke mama yao, Bi Tumu, kufanya Umra. Akaambiwa pasipoti anayo.

"Nikaambiwa nimeishi Muscat misimu miwili," anasema Ahmad kwa simu kutoka Makorora. "Mimi? Mimi Korogwe yenyewe nimefika mara mbili! Nikadhani ni mzaha. Yule ofisa ananiangalia, ananisoma: Zambia, Msumbiji. Nikaanza kujiuliza labda nilikwenda nikasahau."

Burhani alirudi Tanga. Alikula kiapo, akaeleza yote, akapigwa faini iliyomaliza akiba yake, na mwisho akapewa pasipoti ya kwanza ya maisha yake yenye jina lake. Akarudi nayo Johannesburg kwa mkewe na binti yake. Faili la Ahmad lilichukua karibu miaka mitatu kusafishwa, na miaka yote hiyo Umra ya mama ilisimama.

Bi Tumu hakumgombeza. Alimwambia sentensi mbili tu: "Mwanangu, mimi nimezaa watoto wa kiume wawili. Wewe umewatumia wote."

"Heri angenichapa," anasema Burhani. "Nilijiona sifai."

Sasa njoo kwenye kinachomkosesha usingizi. Kwa timu hii ya Troyeville analipwa randi elfu nne na mia tano kwa mwezi, michango ya wachezaji wenyewe. Kituo kimoja cha vijana cha Randburg kimemwona akifundisha na kinamtaka awe kocha mkuu kuanzia Septemba, kwa mshahara wa elfu kumi na nane. Sharti ni leseni ya ukocha ya ngazi ya pili.

Mchezaji wa zamani wa kulipwa anaruhusiwa kuiruka ngazi ya kwanza. Anachotakiwa ni kuonyesha rekodi yake ya uchezaji. Rekodi ipo, tena nene. Jina si lake.

Bila rekodi ataanza ngazi ya kwanza pamoja na watu ambao hawajawahi kugusa mpira, na kufika Septemba kazi itakuwa imekwenda kwa mwingine. Usajili unafungwa Ijumaa.

Pitchou ana dawa yake. "Ule Ahmad wa kweli apande ndege, aingie kwenye kozi. Coach akae inje kwa dirisha, amufundishe ya kujibu. Sharp!"

"Na wakimwambia apige penalti?" anauliza Samira.

Pitchou anafikiri. "Atasema iko na jeraha."

Walicheka wote, hata Burhani. Lakini alipobaki na mwandishi alikiri kwamba usiku uliopita wazo hilo hilo lilimpitia, naye hakucheka. "Mimi sijui tena kipi ni uongo," alisema. "Nikisema nilicheza, karatasi inanikana. Nikisema sikucheza, goti linanikana. Wewe mwandishi, ungekuwa wewe ungeandika nini?"

Mwandishi aliliandika swali lenyewe.

Ijumaa saa tatu asubuhi Burhani na mwandishi wanapanda ngazi za ofisi ya kozi. Karani, mama wa makamo aliyeomba jina lake lisiandikwe, anaipokea fomu. Burhani anaanza kumweleza. Anaeleza kila kitu, cheti, karakana, Muscat, mama. Karani anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Sasa hapa namsajili nani?" anauliza.

Kisha anamfafanulia, kwa upole kabisa. Akitaka rekodi ile iwe yake, lazima lifunguliwe faili la uchunguzi, na litafunguliwa kwa jina lililosajiliwa. Atakayeitwa kujieleza kwanza ni Ahmad, kwa sababu aliyedanganya umri kwenye makaratasi ni Ahmad. Kabla kesi haijaisha huenda hata safari za Ahmad zikasimamishwa. Mwaka mmoja, labda miwili.

"Na nisipoitaka rekodi?"

"Basi wewe ni mtu ambaye hajawahi kucheza."

Burhani anaomba dakika kumi. Anatoka nje, anasimama karibu na roboti, yaani taa za njia panda, zinabadilika nyekundu na kijani na yeye havuki. Anampigia simu mdogo wake na kuweka sauti ya juu ili mwandishi asikie.

Ahmad hasiti. "Kaka, naja. Jina ni langu, nitasimama nalo. Nitasema nilikupa mwenyewe."

"Hukunipa. Nilichukua."

"Nitasema nilikupa."

"Tiketi za Umra ni za lini?"

"Wiki tatu kutoka leo. Mama keshashona nguo."

"Mpeleke mama," anasema Burhani. Anajifuta uso kwa kofia yake ya sufu bila kuona haya. "Usije huku. Mpeleke mama, Ahmad. Mwombee na huyu mpumbavu."

Anarudi ndani. Swali la saba kwenye fomu linauliza kama mwombaji amewahi kucheza soka la kulipwa. Kalamu inakaa juu ya karatasi muda mrefu mpaka watu wa nyuma kwenye foleni wanaanza kukohoa. Halafu anaandika, kwa herufi kubwa: HAPANA.

Karani anaisoma, anamtazama, anagonga muhuri. Anasema yeye hakusikia hadithi yoyote, ameona fomu moja tu, na imejazwa vizuri.

Mwandishi alimuuliza Burhani kama jina lake lifichwe katika makala haya. Alimwangalia kama mtu aliyetukanwa. "Lifichwe tena? Limefichwa miaka kumi na saba! Subiri tu mama arudi kutoka Makka, kisha liandike lote. Wakitaka kuniita, waniite mimi." Makala yalisubiri. Bi Tumu amerudi salama, na Ahmad sasa kweli amesafiri.

Kozi ya ngazi ya kwanza ilianza Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa ya usajili. Wanafunzi walikuwa thelathini, wengi walimu wa shule za msingi na wazazi wanaojitolea, na aliyewazidi wote umri alikuwa Burhani. Mkufunzi ni kijana wa miaka ishirini na sita. Siku ya nne aliwatoa uwanjani kuwaonyesha namna ya kupiga mpira langoni. Mguu wa kuegemea hapa, macho kwenye mpira, usiangalie goli.

"Nilijiambia nipige vibaya," anasema Burhani. "Nisijitie kujua. Nikaulenga nje kabisa. Mguu ukakataa."

Mpira uliingia kona ya juu, kulia. Mkufunzi aliutoa wavuni, akamrudishia, akampigapiga begani.

"Safi sana, mzee," alimwambia. "Yaani ungeanza ukiwa mdogo, ungefika mbali."

Na Burhani alisemaje?

"Nilisema asante, mwalimu. Nilichanganyikiwa, nilitaka kulia na nilitaka kucheka, vyote pamoja. Lakini alikuwa ananisifu mimi, unaona? Kifuani nimeandikwa Burhani. Hakuna aliyewahi kumsifu Burhani kwa mpira."

Kazi ya Randburg imepewa mtu mwingine. Cheti cha ngazi ya kwanza kinatoka Desemba, na mwakani, akijaliwa, atafanya ya pili kisha aende kubisha hodi kwenye vituo vingine. Ndoto yake ni siku moja kuifundisha timu ya Tanga na kusimama kando ya mstari jina lake likiwa kwenye orodha. Hana haraka, anasema.

"Nina miaka arobaini na miwili," anasema akifunga kamba za viatu, "na ndiyo kwanza naanza mpira."