Mtoto Aliyechelewa Kukaa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kama vile ilikuwa juzi. Tulikuwa tunaishi Bombambili, mimi na mume wangu Severini, miaka ile maduka yalipoanza kujaa bidhaa na mitumba kuuzwa kila kona. Yeye mwenyewe alikuwa muuza mitumba sokoni. Mtoto wetu wa kwanza, Editha, alikuwa anakaribia mwaka, na shingo yake ilikuwa bado imelegea kama ya mtoto mchanga.

Mtoto wa jirani, aliyezaliwa wiki moja na yeye, alikuwa anasimama kwa kushika viti. Editha wangu hata kukaa hakuweza. Ukimpa kijiko hakukishika, ukimwita hakugeuka, na zile sauti za ba-ba na ma-ma ambazo watoto huchezea mdomoni hatukuzisikia. Nikienda naye kliniki nilimfunika vizuri kwa khanga ili watu wasiulize.

Wifi yangu, dada mkubwa wa Severini, yeye aliuliza. Aliuliza nani katika ukoo wetu aliwahi kuzaa mtoto wa namna hiyo. Baadaye akaacha kuuliza, akasema nirudishwe kwa wazazi wangu, kaka yake aoe mahali pengine. Mume wangu alinyamaza. Ule ukimya, mwanangu, uliniuma kuliko maneno ya wifi. Wakakubaliana mama yao aitwe kutoka kijijini Maposeni, aje aseme la mwisho.

Siku aliyofika nilikuwa nimeshafunga nguo zangu. Nilimwogopa sana mama mkwe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu niolewe sikuwahi kumwona akicheka. Nikapiga magoti, nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanyoosha mikono apewe mtoto. Alimlaza mapajani, akamshika shingo, akapiga makofi taratibu karibu na sikio moja, halafu jingine, akamtazama machoni kwa muda mrefu.

"Alilia alipozaliwa?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Uchungu ulinishika nikiwa kijijini kwa mama yangu, mvua zimeharibu barabara, gari halikupatikana. Nilihangaika usiku na mchana, na mtoto alipotoka alikuwa kimya, rangi imegeuka bluu. Walimsugua sana ndipo akatoa kasauti.

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Mwenzako nusura afe yeye na mtoto, na wewe unamtafutia kosa?" Kisha akamwambia mume wangu, kwa sauti ile ile ya chini, "Severini, huyu ni damu yako. Kesho tunakwenda hospitali, na wewe ndiye utakayembeba."

Akambeba. Daktari, mama mtu mzima, alitusikiliza bila haraka. Alieleza kwamba mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa ubongo unaweza kuumia, na mwili na akili vikachelewa. Sababu nyingine zipo, akasema: malaria kali yenye degedege, homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya siku za mwanzo, mama mjamzito kukosa chumvi yenye madini joto. Na wapo wanaozaliwa hivyo bila mtu kujua sababu.

"Si laana," akaniambia, "na wala si kosa lako, mama."

Nililia pale pale. Severini, mtoto begani, akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Daktari hakutuahidi kwamba atapona. Alitufundisha mazoezi, na mama mkwe hakurudi Maposeni mpaka tulipoyazoea. Alichimba kashimo uani, akatandika blanketi, akamkalisha Editha humo hadi kiunoni ili mgongo upate kushikiliwa. Yeye akakaa mbele yake akichambua maharage na kumtajia kila kitu jina lake. Mume wangu akasimika fito za mianzi pande mbili, mtoto ajifunze kusimama akizishika.

Editha alitembea wenzake walipokuwa wanaanza shule. Kusoma hakukumwingia. Lakini anapukuchua mahindi, anateka maji, anaimba kanisani hata yale maneno yanayomshinda kutamka, na watoto wa mtaa wanampa shikamoo. Wifi yangu ndiye aliyekuja kuwa msusi wake. Ya nyuma hatukuyazungumza.

Basi mwanangu, ukiona mtoto wako hakai, hashiki, hageuki akiitwa, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea, usingoje mpaka watu waseme. Mpeleke hospitali mapema, apimwe macho na masikio, nawe ueleze yote, tangu mimba. Ukiwa mjamzito hudhuria kliniki, na siku zikikaribia usikae mbali na hospitali. Mtoto akishikwa na degedege, kimbia naye. Asiyeelewa haraka usimpige wala usimwite mjinga. Mfundishe kidogo kidogo, na umfurahie kwa lile analoliweza.

Mungu awakuze watoto wako, wa haraka na wa polepole, na kila mmoja apate mtu wa kukaa mbele yake bila kuchoka.