Ukoka wa Mama Kuangukia

Mtaani Mishomoroni walinicheka nilipopanda ukoka uani. Jirani yangu wa ukuta mmoja alichungulia akaniuliza kama nafungua hoteli ya wazungu. Nikamwambia ndiyo, na wewe nitakupa kazi ya kuosha sufuria. Sikuwa na nguvu za kumweleza. Mama yangu alikuwa anaanguka, basi. Tulimtoa shamba, huko Kaloleni, alipoanza kusahau moto jikoni, na uani kwangu ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na mchanga kidogo. Mara ya kwanza alipasuka paji la uso. Mara ya pili alivunjika mkono. Daktari akasema siku ikivunjika nyonga, kwa umri ule, hatainuka tena. Nami ni fundi wa cherehani, nashona hapo hapo kibarazani. Nikiinama tu kutunga uzi, keshaondoka. Nikaona kama siwezi kumzuia asianguke, angalau aangukie mahali laini.

Nilianza na mvua za vuli. Mume wangu alileta udongo mwekundu kwa mkokoteni, tukauchanganya na samadi ya mbuzi, nikachomeka vipande vya ukoka kimoja kimoja mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Ukashika. Nilifurahi, haki ya Mungu, nikawa naamka mapema kuutazama.

Asubuhi moja natoka na chai, namkuta mama amepiga magoti, anang'oa. Ule ukoka ameulaza mizizi juu ili jua liumalize. Na kazi yake safi! Hakuacha hata kikonyo.

"Mama!" nikapiga kelele.

"Abee," akaniitikia, kama mimi ndiye mama na yeye ndiye mtoto. "Nasafisha uwanja. Wageni wakija na mahari wakute nyasi mlangoni?"

Mahari ya nani, jamani, nami nina wajukuu.

Lakini ningemlaumu vipi? Kwetu uwanja hufagiwa kwa chelewa mpaka mchanga ubaki na mistari ya ufagio. Nyasi zikifika mlangoni, basi hapo pana mwanamke mvivu, au pana nyoka, au wenyewe walishahama. Mama alipalilia uwanja wake kila alfajiri tangu alipoolewa. Jina langu lilimtoka. Kifo cha baba kilimtoka, tukawa tunamwambia upya na analia upya, hadi tukaacha kumwambia. Hilo la nyasi halikumtoka.

Nikapanda tena. Kaskazi ikaingia na jua lake lile la kuchoma nyayo, na maji ya kisima chetu ni chumvi tupu. Ukiyamwagilia, majani yanaungua ncha, kisha yanakuwa rangi ya kamba kuukuu. Maji matamu ya kununua ni ya kunywa na kupikia. Nikawa namwogeshea mama uani, kwenye kiti cha plastiki, nimemzungushia kanga mbili, ili yale maji yake yaende kwenye ukoka. Yeye akikaushwa anainama kitini na kunyofoa alichokifikia. Nilificha jembe, akatumia kijiko. Nilificha vijiko, akatumia vidole, kucha zikatoka damu. Siku hiyo nilimfokea mpaka jirani akanyamazisha redio. Mchungaji alipokuja kutuombea nikamwambia auombee na ukoka. Akacheka. Mimi sikucheka.

Masika ndiyo iliyonimaliza. Mvua ilinyesha, ukoka ukatambaa wenyewe, mume wangu akawa anafyeka. Lakini udongo mbichi hung'oleka kwa urahisi, na mama naye alijua hivyo kuliko mimi. Kila kulipokucha alikuwa ameparua kipande, kuanzia kwenye ngazi ya mlango, anasogea. Mimi nachomeka, yeye ananyofoa. Mvua ikichapa pale alipoparua, udongo unakwenda na maji, jiwe linabaki wazi.

Akaanguka pale pale. Nilikuwa nashona sare za shule, nikasikia kishindo, nikajua. Upande wa pili, hatua chache tu, ukoka ulikuwa mzito kama godoro. Nyonga.

Tangu hapo amelala. Kusi imekuja na manyunyu yake, hakuna wa kung'oa, na uwanja umefunga kijani kitupu mpaka kwenye ngazi. Watu wanasimama langoni kusifu. Jirani, yule yule, kaja na karai anataka mbegu. Nikamwambia chukua wote. Alidhani ni mzaha. Nauchukia ule ukoka, nao unazidi kunawiri, na sina la kuufanya wala la kumfanyia mama zaidi ya kumgeuza ubavu na kumpaka mafuta mgongoni.

Jumapili iliyopita alikuwa na nafuu kidogo. Mume wangu alimbeba akamkalisha mlangoni ili apate hewa, nami nikachuchumaa kando yake. Akautazama uwanja kwa muda mrefu. Kisha akapaza sauti, sauti nzima ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke:

"Hodi!"

Akangoja, akapiga hodi tena. Na tena.

"Karibu, mama," nikasema. "Tupo. Mimi hapa."

Akanigeukia, akanishika mkono kwa upole, kama unavyomshika mtu mliyekutana naye njiani.

"Pole, dada," akaniambia. "Nawe umekuja bure. Wenyewe walishahama."