Mama ya Televizyo Kwenye Mstari wa Unga

Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi, basi. Wasichana wenye diplomu waliokuja baadaye kwenye televisheni yetu hapa Goma, mimi ndiye niliyewafundisha kusimama mbele ya kamera, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nilianza nikiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mtaa wa Majengo. Mkubwa mmoja wa televisheni alipita, akasikia ninavyoita wateja, akaniambia sauti hiyo inapotea bure kwenye samaki. Habari nilikuwa nasomewa, nazishika kichwani, kisha nazisema kwa Kiswahili cha watu wetu, si kile cha ofisini. Wakubwa waliniogopa. Kule mtaa wa Katoyi, jenereta ikiwaka, watu walijaa kwa jirani mwenye televisheni ili wanisikilize.

Kilichonifanya nijulikane zaidi ni vita. Kila mara watu walipoteremka kutoka Masisi na magodoro kichwani, nilikuwa barabarani na kamera. Maswali yangu hayakubadilika: "Mama, mumetoka wapi? Muko wangapi?" Mtu akishajibu hayo, mengine yanatoka yenyewe, na machozi pia. Ndiyo ilikuwa njia yangu ya kazi. Watoto mtaani waliniigiza.

Halafu vita ilifika kwangu. Nilikuwa nimejenga Katindo, karibu na kambi ya wanajeshi, nikidhani hapo ndipo penye usalama. Mabomu yalitafuta kambi, yakapata nyumba yangu. Tulikimbia, mimi, dada yangu mgonjwa na wajukuu watatu, tukaishia chini ya turubai juu ya mawe ya volkano, pamoja na wakimbizi wale wale niliokuwa nawahoji. Televisheni ilikuwa imefungwa. Watoto walilia njaa, kisha wakaacha kulia, wakawa wanalala tu mchana. Mwanamke yeyote aliyelea anajua kwamba hiyo ni mbaya kuliko kilio. Nikachukua beseni, nikalificha ubavuni chini ya kitenge, nikaenda kwenye mstari wa unga, mbele ya gari la msaada.

Sikufika mbali. Mwanamke mmoja aligeuka, akaniona.

"Ee, mama ya televizyo amefika. Mumuachie njia."

Wakanisukuma mbele, kwa heshima kabisa. Walifikiri nimekuja kazini. Mzee mmoja akanieleza kwamba unga unapimwa kwa kopo lililobonyea, nikalitangaze hilo. Mama mwingine akadakia: "Na vyoo vimejaa, mama. Useme na ile." Mwingine akauliza kamera iko wapi. Nikamjibu kwamba inakuja.

Inakuja. Ndivyo nilivyosema, na beseni limenibana mbavu. Nilisikiliza shida zao moja moja, natikisa kichwa kama mtu aliye kazini, mpaka unga ukaisha na gari likaondoka. Nikarudi kwa watoto mikono mitupu.

"Unga imeisha?" dada yangu akauliza.

Nikasema imeisha.

Nimepitia mengi na sijainama kwa mtu, lakini aibu ya siku ile bado inanichoma. Niliacha watoto walale na njaa kwa sababu sikutaka kuonekana kama watu ambao mimi mwenyewe nilikuwa nawaonyesha.

Kesho yake gari lilirudi. Nikaenda tena, wakanipisha tena. Ila mama mmoja wa Masisi hakusogea. Alikuwa anatazama ubavu wangu, pale kitenge kilipovimba.

"Mama, hiyo ndiyo kamera?"

Vijana wakacheka. "Kumbe televizyo nayo inakula," mmoja akasema.

Yule mama hakucheka. Akaniambia taratibu: "Wewe uliniuliza barabarani, mutoto iko mugongoni, nguo yangu imepasuka. Nilikujibu, watu wote wakaniona. Sikufa. Simama hapa nyuma yangu."

Nikasimama nyuma yake. Uso wake sikuukumbuka hata kidogo.

Zamu yangu ikafika. Bwana aliyekuwa anaandikisha hakuinua kichwa.

"Mumetoka wapi? Muko wangapi?"

Sauti iliyozoea kushinda kelele za soko zima ikakataa kutoka. Akarudia. Nikajibu: Katindo, watano. Nilijibu nikiangalia miguu yangu, kama wao walivyokuwa wanafanya, na mimi nilikuwa nawaambia, mama, inua uso, unaangalia wapi, kamera iko huku.

Beseni lenye unga halifichiki chini ya kitenge. Nililibeba kichwani, nikapita kando ya mstari wote mchana kweupe. Hakuna aliyecheka tena, na ingekuwa afadhali wangecheka. Dada yangu alisonga ule unga ukawa bugari. Tukawaamsha watoto, wakala.