Mkwe Asiyebeba Kitu

Mimi ndiye mtu wa kwanza upande huu wa Awendo kuendesha baiskeli bila sababu. Najua wako watakaobisha, lakini waulizeni ni nani mwingine, miaka hiyo ya tisini, aliacha pikapu uani akatoka na baiskeli tupu, hana gunia, hana abiria, hana safari. Shule niliiachia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba sukari nguru kwa blackmamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya kila mtu, nikapata kinu cha kusaga, nikapata kingine, nikajenga nyumba ya mawe. Hakuna aliyenishika mkono.

Hii nyingine ilikuwa baiskeli ya mbio. Niliinunua kwa mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, nyuma haina hata keria. Kiwanda cha sukari kikifungwa kwa matengenezo, matrekta ya miwa yalilala, na zile barabara za murram katikati ya mashamba zikabaki zangu. Mvua ikishatuliza vumbi, unapita kama uko kwenye sakafu, miwa huku na huku, husikii kitu ila mnyororo wako. Ukitoka kwenye miwa unaingia kwenye karanga na mihogo, vilima vidogo vinakupandisha polepole halafu vinakuteremsha bila kukanyaga. Mtu aliyezoea gunia mgongoni mwa baiskeli, siku anapoteremka bila gunia, anahisi kama kuna mahali amesamehewa.

Jumamosi hiyo mke wangu alikuwa amelazwa. Mimba ilikuwa kubwa, miguu imevimba, na daktari wa hospitali ya misheni upande wa Homa Bay alisema asirudi nyumbani mpaka ajifungue. Nilikuwa nimemwambia nitachelewa kufika, mashine ya kinu inasumbua. Mashine haikuwa na neno. Nilitaka barabara tu. Tangu nilipotoka nyumbani kitu kilinikwaruza kifuani, kwa hiyo nilikanyaga kwa nguvu, nikidhani nitakiacha nyuma.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye mteremko unaopita chini ya boma la wakwe zangu.

Sasa sikia. Kwetu mkwe haendi ukweni ovyo. Anatuma habari kwanza, anakuja amebeba, na baiskeli anashuka mbali, anaikokota kwa heshima. Tena wakati huo hatukuwa na simu. Habari ya kifo ililetwa na mwanamume juu ya baiskeli, mbio, hana mzigo. Mtoto wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kusoma. Mimi nilijua. Lakini upepo ulikuwa umenijaa masikioni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kando ya barabara akimenya karanga. Aliinua macho akaniona: mkwe wake, kichwa wazi, mikono mitupu, anakuja kama risasi, na binti yake yuko hospitali. Ungo ulianguka. Alijifunga leso kiunoni kama wafiwa wa kwetu, akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi uliofika ng'ambo ya kijito.

"Uwiii! Mtoto wangu! Mtoto wangu amekwenda!"

Nilishika breki nusura nianguke. "Mama, hapana! Yuko mzima!"

Hakunisikia. Wanawake waliacha majembe wakaja mbio huku wanalia. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alinivuta kando.

"Shemeji, sema tu. Tuko wanaume hapa."

"Yuko salama. Jana nimemwacha anakula samaki."

"Hiyo ni jana. Na leo?"

"Leo sijafika huko."

"Kwa hivyo unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Na unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Naendesha tu."

Aliitazama kaptura yangu, akaitazama baiskeli. "Mtu mzima, bibi amelazwa, pikapu iko nyumbani. Anaendesha tu." Akatikisa kichwa. "Shemeji, hata mlevi angedanganya vizuri kuliko hivyo. Amekufa saa ngapi?"

Unaona nilivyonaswa? Mleta msiba wa kwetu hamwambii mama mzazi ukweli pale pale. Husema mgonjwa yuko salama, amezidiwa kidogo tu, twendeni. Kila nilipoapa kwamba mtoto wao ni mzima, ndivyo nilivyozidi kumzika.

Ikabidi twende wakamwone. Shemeji alimpakia mama kwenye keria ya blackmamba yake, mimi nikafuata. Sikuweza hata kusaidia kusukuma kwenye mlima, maana mkwe hamgusi mama mkwe. Nilibaki nyuma na baiskeli yangu nyepesi, nikimsikiliza mama anamwita binti yake kwa majina ya utotoni, sauti inakatika, inaanza tena. Kwenye kila boma watu walisimama uani. Wengine walinipungia mkono wa pole, na mimi nikainamisha kichwa kama mfiwa. Ningefanya nini?

Mke wangu alikuwa kwenye veranda ya wodi, miguu juu ya stuli. Aliona leso kiunoni mwa mama yake.

"Mama, nani amekufa?"

Mama alimshika uso, akashuka mpaka tumboni, mpaka kwenye nyayo, kama anayetafuta kilichopungua. Halafu akajiziba mdomo, kwa sababu kumlilia mtu aliye hai ni mwiko mzito. Akaketi sakafuni. Daktari alimpima, akasema presha imepanda vibaya, naye alazwe, kitanda cha pembeni ya binti yake.

Mke wangu hakuniuliza habari za mashine. Alinitazama tu mpaka nikatoka nje.

Jioni nilinunua uji. Kwetu mwanamume hamwangalii mama mkwe akiwa amelala, kwa hiyo nilisimama nje ya dirisha, uso nimeugeuzia ukuta, nikapitisha kikombe ndani kwa mkono mmoja. Mimi, mwenye nyumba ya mawe. Kikombe kilipokelewa.

"Baba," akasema mama, taratibu, bila hasira hata chembe, "umeendesha mbali. Wewe mwenyewe umekula?"

Nilimwambia nimekula. Sikuwa nimekula.