Ritani ya Jebet na Laini Iliyobaki Nyumbani

Juni ikifika, Wakenya wa Doha hukumbuka ushuru wa kwao kama mtu anayekumbuka jiko aliloliacha likiwaka akiwa ameshapanda basi. Hapo ndipo Onyango hutafutwa. Siku za kazi hutengeneza kompyuta katika hoteli moja ya West Bay. Ijumaa hukaa kwenye mgahawa wa Al Sadd, chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, akiwajazia wenzake ritani, ile fomu ya ushuru ya mtandaoni, kwa malipo ya chai na chapati. Kazi yenyewe ni ya kubonyeza tu. Una mapato Kenya? Huna. Sifuri. Haya, mwingine. Sijui nani aliwafundisha kwamba mtu akishafika Uarabuni hana tena kitu nyumbani, lakini waliamini wote, na Jebet aliamini kuliko wote.

Jebet ni mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye mgongo uliochoka. Kule Lusail, jirani na Doha, anamtunza bibi mmoja aliyepooza: humwogesha, humgeuza kitandani, humlisha uji kwa kijiko. Kwao Nandi ana shamba lenye hati ya jina lake, alilopewa na marehemu babake mbele ya ukoo mzima. Mdogo wake Rodney hajawahi kumsamehe kwa hilo. Mama yao anaishi kwenye shamba hilohilo, pamoja na Rodney.

Jebet alipokwenda likizo ya mwisho, serikali ilikuwa imeleta mradi wa kulinda mto: mwenye shamba aache sehemu ya bondeni bila kulima, miti iote, naye atalipwa kila msimu. Jebet alikubali bila kusita. Malipo yangeingia kwenye laini yake ya simu ya Kenya, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, na laini hiyo alimwachia Mama ndani ya simu ya mulika mwizi, ile ndogo yenye tochi, kama wafanyavyo wengi wanaokuja huku. Kisha hakuuliza tena. Alivyolelewa, mtoto akishampa mzazi kitu haulizi kimekwendaje. Huo ni utovu wa adabu. Rodney alipolalamika kwamba hali ni ngumu, Jebet alituma cha ziada na kujiambia kwamba angalau Mama anakula vizuri.

Basi Ijumaa hiyo Onyango alikuwa ameshapeleka kidole kwenye sifuri yake ya kila mwaka, Jebet akamshika mkono.

"Na hizi pesa serikali inalipa ya shamba, hizo pia zinahesabiwa?"

Onyango akamtazama. "Ati nini? Unalipwanga na serikali na tunaandika sifuri?"

"Si mimi. Ni Mama anakula."

"Shamba ni ya nani?"

"Yangu."

"Na laini?"

"Yangu pia."

"Basi dada, kwa watu wa ushuru, mwenye amekula ni wewe. Pigia Mama umuulize imeingia ngapi."

Jebet akatoka nje, joto likamvaa usoni, akapiga nyumbani. Alipokea Rodney, kama kawaida, akampa Mama simu na kurudi kwa ng'ombe.

"Mama, zile pesa za mto zinakufikia?"

"Pesa gani?"

Jebet akaeleza.

"Rodney alisema serikali imetukataza kulima bondeni, basi. Mahindi siku hizi tunanunua. Yule ng'ombe wangu mweusi nilimuuza."

"Hiyo simu inakaa na nani?"

"Yeye. Hunipa ukipiga." Kisha sauti ikashuka. "Jebet, usimshtaki ndugu yako. Wewe uko mbali, mwanangu. Nikianguka hapa, ni yeye nitamwita. Nikifa, ni yeye atanichimbia kaburi."

Jebet aliegemea ukuta uliochomwa na jua akalia bila kujificha. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Alikuwa akimlisha mama wa mtu kijiko kwa kijiko, na wake ananunua mahindi akiwa na shamba. Adabu gani hiyo, ya kutomuuliza mamako kama amekula?

Aliporudi ndani, Onyango alisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, Onyango.

"Njia ni mbili," akasema. "Tuseme umeibiwa, ripoti iende polisi, na laini ufunge. Ni yako, ukiongea na kampuni inafungwa leo. Ama tuandike ni mapato yako, ulipe ushuru, na ile sifuri ya mwaka jana turekebishe na faini yake."

"Nikifunga laini, Mama nitampata kwa gani? Nyumba nzima ina simu hiyo moja."

"Hapo sasa."

Jebet akatazama maji yakidondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Amwache Rodney aendelee kula, au ajifungie mlango wa pekee wa kusikia sauti ya mamake? Wapo watakaomwita mjinga. Mimi simwiti.

"Andika ni zangu," akasema.

Walipiga hesabu kwa mkataba wa mradi, akalipa kwa nauli aliyokuwa ameweka ya kwenda likizo Agosti. Ushuru wa pesa asizozishika, faini ya pesa asizoziona, ili laini ibaki hai. Onyango hakutaka hata chai.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya kwenda kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, Jebet akapiga nyumbani. Hakuwa na neno la kumgombeza mtu. Alitaka tu kumuuliza Mama kama amekula. Lakini Mama, masikini, hajui kuficha jambo, na bila shaka Rodney alikuwa ameshamuuliza wameongea nini.

"Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

Akapiga tena, na tena, na mwanamke yule wa mashine akarudia kwa upole uleule kwamba mteja hapatikani. Na mteja mwenyewe, kwa jina na kwa kitambulisho, alikuwa amesimama jikoni Lusail, bakuli la uji wa bibi likipoa mkononi.